Mwili Usiokuwamo Daftarini

Jino la kwanza lilianguka ndani ya sinia la bati kabla ya kengele ya saa tatu asubuhi. Daktari Eufrasia Nchimbi alilisikia vema tangu mwisho wa uwanja, kwa kuwa watu mia nne walikuwa wamenyamaza makusudi ili walisikie. Kisha wakapaza sauti kwa pamoja, na mtu aliyefungwa kwenye nguzo ya mzani wa kahawa akabaki akining'inia kwa kamba.

"Hili la Filomena!" akatangaza Gaudens Ndunguru, akiinua koleo juu. "Bado la Bonifasi. Bado la kitinda mimba. Mshikeni kichwa!"

Koleo ile haikuwa yake. Ilikuwa ya yule aliyefungwa, Anyosisye Mwakalinga, mng'oa meno wa kutoka Tukuyu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipanda milima ya Lisonga kila baada ya mavuno, mkoba wa ngozi begani, kuwaondolea watu maumivu. Wengi wa waliokuwa wakimzomea walikuwa na mapengo aliyoyafanya yeye mwenyewe, tena kwa upole.

Eufrasia alijipenyeza katika umati. Mbele yake alitangulia Meinrad Komba, mtafiti wake, mtu wa miaka arobaini mwenye mabega ya mpasua mbao, akiwasukuma watu na kuwaomba radhi papo hapo. "Samahani, mama. Samahani, shemeji, kiwiko changu hakijafunzwa adabu."

"Mwacheni!" alisema Eufrasia alipofika mbele. "Gaudens, weka koleo chini!"

Hakuna aliyemjibu isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mikono magotini, kitambaa cheusi kichwani. Huyo alikuwa Kotilda, dada yake Gaudens. Watoto watatu aliowazaa alikuwa amewazika ndani ya siku kumi na saba.

"Umechelewa, binti Nchimbi," alisema. "Jana ulisema, leo tunatenda."

"Sikusema kwamba ni huyu."

"Ulisema nini basi? Ulisimama pale pale, na kile chombo chako, ukasema ugonjwa wa mkauko hapa Lisonga wote umetoka katika mwili mmoja, na mwili huo haumo katika daftari lako la damu. Nani hayumo? Mimi nimo. Gaudens yumo. Mama yangu kipofu, asiyetoka kitandani, mlimtoboa kidole. Asiyekuwamo ni mmoja tu, aliyepanda huku baada ya daftari kufungwa, na riziki yake ni kuingiza vidole vinywani mwa watu."

Maneno hayo Eufrasia alikuwa ameyasema kweli. Aliyasema barazani kwa furaha ya mtaalamu aliyefikia jambo jipya, wala hakufikiri ni masikio gani yanayomsikiliza. Askari wa kituo walikuwa watatu. Wawili walikwisha kuzikwa, wa tatu alitoroka. Hapakuwa na mkono mwingine wa sheria ila ule ulioshika koleo.

"Nipe damu yake," alisema hatimaye. "Nasaba, kile chombo changu, iisome. Ikiwa ndiye, itamtaja. Ikiwa siye, mtakuwa mmemuua mtu bure, na aliyewaletea msiba bado mnakula naye."

Kotilda alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mpaka kengele ya saa sita," alisema. "Ikilia nawe hujaja na jina, Gaudens atalijaza sinia hili, kisha tutaleta kuni."

* * *

Nyumba ya utafiti ilikuwa zamani kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa, na harufu ya maganda ilikuwa haijatoka ukutani. Ndani yake palikuwa na meza mbili, simu ya upepo, friji lenye ukubwa wa jeneza, na Nasaba.

Chombo hicho kilikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini watu walikiita Nasaba, na jina hilo lilikifaa. Kirusi cha mkauko hakipiti katika mwili wa mtu bila kutiwa kovu, na kovu la kila mwili ni la mwili huo peke yake, kama alama ya kidole gumba. Tone la damu likitiwa ndani, Nasaba huyasoma makovu hayo kutoka la mwisho kurudi hadi la kwanza, na kuyataja majina: huyu aliambukizwa na fulani, na fulani na fulani, mpaka shina. Sharti ni moja, kwamba mwili uwe umeandikishwa katika daftari la damu. Kwa ajili hiyo, miezi minne nyuma, Lisonga ilipokuwa bado salama, Meinrad alipita katika nyumba zote mia mbili na kumi, akatoboa vidole elfu moja na mia mbili. Mwezi mmoja baadaye makoo ya watu yakaanza kukauka. Mgonjwa wa mkauko hufa akiyatazama maji asiyoweza kuyameza.

"Leo hatuhitaji sindano, Bibi Mkubwa," alisema Meinrad, akiweka mezani kitambaa alichompangusia mng'oa meno. Alijaribu kucheka, akashindwa. "Wamemvunja na taya. Alinishika mkono, akawa anataka kusema kitu. Nikamwambia, baba, nyamaza, tunakwenda kukusemea sisi."

Eufrasia alikamua damu ndani ya bomba, akafunga kifuniko. Mistari ya kijani ikaanza kushuka juu ya kioo, jina baada ya jina. Alisoma kwa sauti.

"Anyosisye Mwakalinga. Anao ugonjwa, lakini ameupata juzi juzi tu. Kaupata kwa Leokadia Hyera. Leokadia kwa mumewe. Mumewe kwa Gaudens Ndunguru..."

"Gaudens!" Meinrad alipiga paja. "Anayemng'oa meno ndiye babu yake wa ugonjwa!"

"Gaudens kwa Kotilda. Kotilda kwa mwili usiokuwamo daftarini."

Mistari ikakoma. Mng'oa meno hakuwa shina. Alikuwa kitukuu, jani la mwisho la mti uliomwangukia.

Meinrad alisimama kwenda mlangoni na furaha ya habari njema usoni, kisha akasita. Alirudi polepole, akaketi, akakunja mkono wa shati.

"Bibi Mkubwa. Kama si yeye, tumebaki sisi."

"Sisi tulikaa karantini siku kumi mjini kabla ya kupanda huku."

"Ndiyo. Lakini hatumo daftarini. Ulisema mpimaji hapimwi."

Alikuwa amesema hivyo. Dawa ya kupimia ilikuwa haba, na aliona ni upotevu kuitumia kwa watu waliokwisha kujilinda kwa barakoa na glavu. Alimtoboa Meinrad kidole bila kumtazama usoni, akakipa chombo damu yake, na kioo kikajibu kabla hajaketi. Mti mzima wa Lisonga, matawi yake yote, watu mia na tisa waliokufa na wengine wanaokufa, ulikuwa umesimama juu ya mwili wa Meinrad Komba, ambaye hakuwahi kuugua hata siku moja.

"Nilivaa barakoa," alisema Meinrad kwa sauti ndogo. "Kila nyumba. Sikuivua ila..."

Hakumaliza. Wote wawili waliona kibuyu akilini.

Lisonga mgeni haingii nyumbani akaulizwa maneno kabla ya kupewa kibuyu cha ugimbi, pombe ya nafaka. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba hapana sumu. Mgeni hupokea kwa mikono miwili, hunywa, humpa aliye kuume kwake, na kibuyu hakigusi ardhi mpaka kimewazunguka wote. Wa mwisho hukigeuza kifudifudi, ndipo mazungumzo yanapoanza. Akataaye kibuyu amewaita wenyeji wachawi, na mlango huo hatafunguliwa tena. Eufrasia alizaliwa katika milima hiyo, aliyajua hayo tangu utoto. Kwa hiyo katika mwongozo wa watafiti aliandika kwa mkono wake kanuni ya nne: *Usikatae kibuyu.*

"Kuna kovu lingine," alisema Meinrad. "Juu yangu. Tazama. Mimi si shina."

Eufrasia alijitoboa mwenyewe. Alijua kabla kioo hakijasema kwamba shina ni yeye. Alikumbuka ukumbi wa parokia, siku ya mafunzo, watafiti saba wameketi duara. Alikuwa amekaa mahali pa mwenye nyumba ili awaonyeshe desturi. Akaonja kwanza. Akampa Meinrad, aliyekuwa kuume kwake. Wiki ile koo lake lilikuwa kavu kwa siku mbili, akadhani ni vumbi la safari.

"Wale wengine sita," alisema Meinrad. "Wako katika vijiji vingine sita."

* * *

Profesa Kahemela, mkuu wa utafiti, aliitikia simu ya upepo mara ya tatu. Alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na alipojibu sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma ratiba.

"Hao sita nitawaondoa leo hii. Umefanya vema kunieleza. Sasa sikiliza, binti yangu. Zile chupa za damu ziko wapi?"

"Ndani ya friji. Ziko nyuma yangu."

"Duniani kote hatuna mnyororo mwingine mzima, tangu shina hadi jani. Dawa itatoka humo. Ukizipoteza, tunarudi nyuma miaka mitatu, na mkauko unaua watu elfu arobaini kila mwezi. Gari la ulinzi litafika kwako kesho asubuhi. Mpaka hapo usiseme lolote linaloweza kuwaleta watu hao mlangoni pako."

"Kengele ya saa sita ikilia watamchoma mtu."

Simu ilikoroma.

"Waambie matokeo hayajakamilika. Huo si uongo. Hakuna utafiti unaokamilika."

"Hana hatia, Profesa. Nimemsoma mwenyewe."

"Ni mtu mmoja, Eufrasia."

"Kila mtu ni mmoja," alisema Eufrasia, akaweka kikonyo cha simu mahali pake.

Aliketi akiitazama milango ya friji. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Aliona kwamba maneno ya Profesa yalikuwa na uzito: huko mbali, katika miji ambayo hataifika, walikuwako watoto ambao wangepona kwa damu iliyokuwa ndani ya chupa zile. Lakini aliona pia chungu cha ugimbi alichopita kando yake asubuhi, kikubwa kiasi cha kumzamisha mbuzi, kilichowekwa uwanjani kwa ajili ya kuondoa matanga. Mng'oa meno akisha kuwa majivu, watu wangeamini kwamba ugonjwa umekufa pamoja naye, na kibuyu kingeanza kuzunguka. Asiposema, atakuwa amewaua mara ya pili, na mara hii akijua.

"Friji haliwezi kubebwa," alisema. "Meinrad, shuka kwa njia ya mashamba. Ufike barabarani kabla ya saa sita."

"Niende nikafanye nini huko?"

"Ukaishi."

Meinrad alicheka, na safari hii kicheko kilitoka. "Niliingia nyumba mia mbili na kumi, Bibi Mkubwa. Katika kila nyumba nilisifu ugimbi. Nyingine ulikuwa mchachu kama siki, nikausifu. Leo waambiwe habari hizi, nami niwe kwenye mashimo ya ngoro huko mashambani nimelala kifudifudi kama panya? Mama yangu angenikana."

Alitangulia mlangoni, kama alivyozoea.

* * *

Kengele ya kanisa ilianza kulia walipofika kwenye mzani. Sinia lilikuwa na meno manne, kwa kuwa Gaudens hakungoja. Sikio moja la Anyosisye lilining'inia kwa ngozi, na miguuni pake kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa unadhifu, kubwa chini, ndogo juu, kama apangavyo mpishi mzuri.

"Jina," alisema Kotilda.

Eufrasia alipanda juu ya jukwaa la mzani. Mshale mkubwa wa mzani ukasogea kwa uzito wake.

"Mtu huyu ameambukizwa hapa hapa Lisonga," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja. "Hakumwambukiza mtu. Mfungueni. Mwili usiokuwamo daftarini ni wangu. Nilikuja na mkauko bila kuujua, nikampa Meinrad kwa kibuyu siku ya mafunzo, naye akauingiza nyumbani mwenu kwa kibuyu, kwa kuwa nilimwamuru asikatae. Kilichowaua watu wenu ni kibuyu, na kanuni ni yangu. Chungu kile pale msikiguse."

Kengele ilikuwa imekoma. Kuku mmoja alilia mahali fulani.

"Rudia," alisema Kotilda.

"Ni mimi."

"Hilo nimelisikia. Rudia la kibuyu."

"Alipokuja nyumbani kwako, ulionja kwanza, ukampa. Akanywa, akakupa wewe uliyekuwa kuume kwake. Ukanywa tena."

"Nikampa Filomena," alisema Kotilda. Aliinua mikono yake miwili, akaitazama kiganja na mgongo, kama vitu alivyoviokota njiani. "Akasema, mama, tamu. Nikampa Bonifasi. Mdogo alilia kwa kuachwa nyuma, nikamnywesha kwa kidole. Mikono hii. Si ya mng'oa meno. Hii."

Gaudens alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Alitupa koleo, akachukua panga lililokuwa juu ya kuni, akamwendea Meinrad. Meinrad hakukimbia. Alifungua mikono pande zote, na labda alitaka kusema samahani, kwa kuwa midomo yake ilianza neno hilo. Panga lilimwingia baina ya shingo na bega. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyepewa kiti, na Gaudens akampiga tena, na tena, na kila pigo akitaja jina la maiti, mpaka majina yakamwishia na mkono ukaendelea.

Ndipo uwanja mzima ukafunguka. Jiwe lilimpiga Eufrasia mdomoni, la pili kifuani, akaanguka kutoka jukwaani. Mwanamke mmoja ambaye Eufrasia alimzalisha miezi mitatu nyuma alimkanyaga tumbo. Mtu fulani alilishika jiwe la chuma la mzani, la kilo ishirini, akaliangusha juu ya mkono wa kushoto wa Eufrasia, naye akausikia mfupa kama asikiavyo mtu kuni ikivunjwa katika chumba cha pili. Wengine walikimbilia kiwandani na vijinga. Moshi mweusi ulipanda, kisha zikaanza kupasuka zile chupa, moja moja, halafu nyingi kwa pamoja, kama bisi ndani ya chungu. Eufrasia alikuwa amelala shavu vumbini, akazisikia zote. Alikuwa amekubali jambo hilo tangu alipoweka kikonyo cha simu. Lakini kukubali ni kitu kimoja na kusikia ni kingine.

"Basi!" alisema Kotilda.

Hakupaza sauti sana. Lakini alikuwa amezika watatu, na watu wakampisha.

"Mfungueni yule mgeni. Na huyu msimuue. Kufa ni rahisi mno." Alikwenda kwenye chungu, akachota ugimbi kwa kibuyu, akarudi. "Simama, binti Nchimbi."

Eufrasia alisimama, akitema damu.

"Wewe ni mwenye nyumba leo. Onja."

Akaonja. Ugimbi uliunguza midomo iliyopasuka.

"Haya. Mpe mtu."

Alikinyosha kibuyu kwa aliye kuume kwake. Mtu huyo akarudi nyuma. Alikinyosha kwa wa pili. Huyo akaficha mikono mgongoni. Duara likapanuka, watu wakimwachia nafasi kama waachiavyo moto.

"Hakigusi ardhi mpaka kimepokelewa," alisema Kotilda. "Unazijua desturi zetu, umeziandika. Basi kishike. Siku atakapopatikana mtu wa Lisonga wa kunywa baada yako, utaondoka. Ukikiangusha kabla ya hapo, Gaudens yuko."

Alikishika kwa mkono mzima, na ule uliovunjika akauweka chini yake, kwa kuwa kibuyu hushikwa kwa mikono miwili. Jua lilikuwa utosini. Meinrad alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwake, mikono bado imefunguka, nzi wakimshukia. Maumivu yalimpanda kutoka kiganjani hadi jichoni, yakashuka, yakapanda tena. Kibuyu kilianza kutetemeka. Tone moja likaruka, likaanguka vumbini, na watu wote wakalitazama.

Ndipo Anyosisye Mwakalinga, aliyekwisha kufunguliwa, alipoinuka pale kwenye kuni. Alitembea kwa kushika nguzo, kisha kwa kushika hewa. Watu waliomshika kichwa asubuhi walimpisha. Alisimama kuume kwa Eufrasia.

"Usinywe," alimnong'oneza Eufrasia. "Baba, unao ugonjwa, lakini ni mchanga, huenda ukapona. Usijiongezee."

Taya la Anyosisye lilikuwa limevunjika. Alinyosha mikono yote miwili, akakipokea kibuyu kwa heshima, kama apokeavyo mgeni. Akanywa. Ugimbi uliingia katika matundu manne ya meno, na machozi yakamtoka mfululizo, lakini hakukiondoa kibuyu mdomoni mpaka kikawa kitupu. Kisha akapiga goti, akakigeuza, akakiweka kifudifudi juu ya ardhi ya Lisonga.

Gaudens alimtazama dada yake, panga mkononi. "Huyo si mtu wa Lisonga," alisema.

Kotilda aliyatazama meno ndani ya sinia, akakitazama kibuyu kilichogeuzwa. "Kimepokelewa," alisema. Akaliinua kwa mikono yake miwili lile jiwe la chuma lenye damu, akatembea nalo hadi kwenye chungu, akaliachia juu yake, kikapasuka.

Ugimbi wa watu mia nne ulimwagika, ukapita baina ya miguu yao, ukaugusa mwili wa Meinrad, ukauzunguka, ukaendelea kushuka kuelekea mashambani. Na katika watu wote wale wenye kiu hakuna hata mmoja aliyeinama.